SAR ya mbao kutoka Ngamiani: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nianze na hili, asije mtu akanipigia polisi: bunduki ninayoisema hapa haipigi. Haina tundu, haina chemba, mdomo wake umezibwa. Ni mti mtupu, na kachuma kidogo tumboni ambako nitakueleza kalifikaje huko. Imechongwa na fundi seremala mmoja wa Ngamiani, hapahapa Tanga, kwa oda yangu, na imenigharimu shilingi 140,000 na safari nyingi za baiskeli. Jina la fundi silitaji. Nina ya kumsifu na nina ya kumlalamikia, na mtu aliye bado kazini hapendi kusomwa yote mawili pamoja.

Mimi ni askari mstaafu. Niliingia JKT mwaka 1976, mwaka uliofuata nikachukuliwa JWTZ, nikatoka mwaka 1997 nikiwa sajini. Tarehe za kuzaliwa za wanangu huwa namuuliza mama yao. Lakini bunduki yangu ya kwanza niulize usiku wa manane, nitakujibu bila kukuna kichwa: namba yake ilikuwa inaishia na 417.

Ilikuwa SAR. Vijana wa siku hizi hawaijui kwa jina hilo. Mjukuu wangu aliye kidato cha pili alinisahihisha mezani mbele ya watu: "Babu, hiyo inaitwa SKS. Mimi ninayo." Nikashtuka, nikaweka kijiko chini. Kumbe anayo kwenye gemu la simu. Akanionyesha, na kweli ni yenyewe, kitako cha mti, mtutu mrefu, magazini fupi lililokaa chini ya tumbo kama mimba changa. Nikamwambia haya, iinue nione. Akacheka. Ndani ya simu haina uzito, ukikimbia nayo siku nzima bega halivimbi.

Kwa asiyeijua: ilibuniwa na Warusi, Wachina wakatengeneza ya kwao wakaiita aina ya 56, na hiyo ya Kichina ndiyo niliyokabidhiwa mimi. Inameza risasi kumi, milimita 7.62, zilezile za SMG, ile ambayo wengine wanaiita AK-47. Singe yake haichomolewi ukaiweka kiunoni. Inakunjwa chini ya mtutu kama kisu cha mfukoni. Tupu, bila risasi, ina kilo tatu na gramu mia nane na hamsini hivi. Ushike uzito huo, kesi yote imelalia hapo.

Kilichonipeleka kwa seremala ni aibu. Julai mwaka jana, karibu na Siku ya Mashujaa, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi mtaani kwetu alituomba wazee sita tuje tuwaeleze watoto habari za vita vya Kagera, na kama tunaweza tuwaonyeshe kwata kidogo. Tukakubali kwa haraka mno. Asubuhi ile ikaonekana hatuna cha kubega. Kombati raia haruhusiwi kuvaa, na sisi sasa ni raia, kwa hiyo tulikuwa na mashati meupe na medali. Hilo halikutusumbua. Lakini mikononi? Mmoja alikuja na fimbo yake ya kutembelea, mwingine na bakora, mimi nilishika mpini wa jembe. Nikatoa amri: "Begaaa… silaha!" Mpini wa jembe ukaenda begani kwangu, na watoto wakaangua kicheko hadi wa darasa la kwanza wakalala chini. Siwalaumu. Hata mimi ningecheka.

Bunduki ya mbao kwa askari si jambo la kitoto. Ukuruta wetu tuliuanza na mti. Kabla hujaaminiwa chuma unapewa kipande cha ubao chenye umbo la silaha, unakibeba, unakimbia nacho, unakiwekea heshima, na ole wako ukiangushe. Kwa hiyo nilipotoka pale shuleni nilijua ninachokitaka.

Karakana yenyewe ni banda la mabati jirani na mashine ya kusaga, na vumbi la mbao na la unga huchanganyika humo hadi hujui unapiga chafya ya kipi. Kazi zao ni vitanda, makabati, milango na fremu. Fundi ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, ana penseli sikioni na simu isiyonyamaza. Alinipa shikamoo, akanipa kigoda, akasikiliza. Kisha akasema, "Mzee, mimi nachonga vitanda. Wakipita askari wakanikuta nachonga bunduki, nitawaambia nini?"

Nyota ya kwanza nilimpa palepale kwa swali hilo. Alitaka barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inayosema kitu hiki ni cha maonyesho ya shule, na akaweka masharti: mdomo uzibwe, nje isiwe na chuma hata kidogo, na kazi ikiwa haijaisha ikae imefunikwa kwa gunia. Barua nilipata siku ya tatu. Mwenyekiti alinitania kwamba ninataka kupindua kata.

Mchoro sikuwa nao. Nilichora nyuma ya kalenda, upande ule mweupe, kwa kumbukumbu tu, na fundi akawa ananiuliza vipimo. Urefu? Hapo nikasimama wima, mguu sawa, kama silaha imesimama ubavuni mwangu kitako chini, nikamwonyesha kwa kidole mahali mdomo wa mtutu ulipokuwa unanifikia: kitovuni. Akapima kwa futikamba kutoka sakafuni hadi kitovuni. Sentimita mia moja. Nikamwambia ongeza mbili, hizo nimezila kwenye uzee. Mjukuu akatafuta kwenye simu jioni ile: mita moja na sentimita mbili. Nililala vizuri usiku huo.

Kwenye mbao tulibishana kidogo. Yeye alitaka mtiki, kwa kuwa ule wa Longuza, Muheza, unapatikana na haupindi. Mimi nilitaka mkongo, ni mzito. Tukaangukia mninga kwa ajili ya rangi: ukiutia mafuta unatoa wekundu uleule wa kitako cha zamani. Akachagua ubao ambao nyuzi zake zinafuata shingo ya kitako, si kuikata, ili bunduki ikianguka isivunjike pale penye wembamba. Hilo mimi sikulijua. Makubaliano yakawa shilingi 110,000, nusu mkononi, wiki mbili.

Wiki mbili zikawa tano. Hapa ndipo malalamiko yanapoanza, na ninayaandika kwa makusudi maana najua yupo anayesoma hapa akitaka kumpa kazi ya kitanda cha harusi. "Kesho mzee." "Umeme ulikatika mzee." "Randa imepelekwa kunolewa mzee." Siku moja nilikwenda mara mbili kwa baiskeli kutoka Makorora, juani, na mara zote mbili nikamkuta anamalizia kabati la mtu aliyekuja baada yangu. Jeshini ungemaliza juma zima unafyeka nyasi. Kama una sherehe ya tarehe maalumu, mpe tarehe ya uongo, ya mwezi mmoja nyuma.

Halafu ikaisha. Akaitoa kwenye gunia.

Kwa macho, ilikuwa ni yenyewe. Kitako, mtutu, singe iliyokunjwa, hata vile vitundu vya mkanda alivitoboa. Ila aliipiga vanishi ikawaka kama kabati la vyombo. Silaha haing'ai, wallahi, silaha inayong'aa inakuuza kwa adui ungali kilomita mbili. Hilo nikalimeza kwanza. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikaikamata pale mkono unapojua pa kukamata, nikainua.

Mkono ukapaa.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kubeba. Unajua unapopanda ngazi gizani ukadhani bado kuna ngazi moja, kumbe zimekwisha, mguu ukakanyaga hewa? Ndivyo ilivyokuwa. Mkono wangu ulikuwa umejiandaa kwa kilo tatu na zaidi, bila mimi kuuambia, miaka yote hii ulikuwa unazitunza, na ulichokipata ni kitu cha kuchezea. Nilikaribia kumpiga fundi kidevuni. Tukaipeleka kwenye mizani ya duka la nafaka lililo ng'ambo ya barabara: kilo moja na gramu mia tatu. Mwenye duka akauliza nauza kwa kilo au kwa kipande.

Nikamwambia fundi siichukui.

Mafundi wengi ninaowajua hapo wangepandisha sauti. Wangesema mzee ulisema bunduki ya mbao, hii si mbao? Na kwa haki wangekuwa na hoja. Yeye alikaa kwenye benchi, akaipakata, akaniuliza swali ambalo tangu niache jeshi sijawahi kuulizwa na mtu yeyote, daktari wala mwandishi wa habari wala watoto wangu: "Uzito wake ulikuwa unakaa wapi?"

Nikavuta kigoda. Nilizungumza kama saa nzima.

Nilimwambia uzito wa SAR unakaa mbele kidogo ya magazini. Ukiiweka juu ya kidole kimoja hapo, inalala sawa kama mizani. Ukiikunjua singe, pua inashuka, ndiyo maana unapolenga na singe ikiwa nje mkono wa kushoto unachoka haraka. Nilimwambia tulipobebwa na malori ya raia, yale yaliyokusanywa nchi nzima mwaka 1978 baada ya Amin kuingia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, tulikaa tumebanana na silaha imesimama katikati ya magoti, na goti langu la kulia lilikuwa na alama ya kitako kwa wiki. Nilimwambia kule mvua haiulizi, tope linafika kwenye mashavu ya miguu, na kabla hujala wala hujajifuta uso unafunga mdomo wa mtutu kwa kipande cha nailoni. Kwamba unalala nayo upande wa mkono wa kulia, mkanda umeuzungusha kwenye kiwiko, na usiku ukigeuka unaitafuta kabla hujafumbua macho. Kwamba wahandisi wetu walitandika daraja la chuma pale Kyaka, na wakati wa kuvuka ukanda wa SAR ulikuwa unanikata bega palepale ulipokuwa umenikata jana yake. Mutukula mwezi Januari 1979. Masaka tarehe 24 Februari.

Masaka ndipo nilipoachana nayo. Nilipewa SMG, na 417 ikapewa mwenzangu wa kikosi kimoja ambaye yake ilikuwa imeharibika. Aliibeba yeye hadi Kampala, tarehe 11 Aprili. Mimi niliingia Kampala na SMG mpya isiyonijua. Watu walitoka barabarani wakituita bakombozi, wakitupa ndizi, na mwenzangu alikuwa hatua chache mbele yangu na bunduki yangu mgongoni. Nilifurahi kama wote. Lakini nilikuwa naitazama.

Fundi akaniuliza ilikwenda wapi baada ya hapo. Ghalani. Silaha huwa si mali yako, unaisaini unapoichukua na unaisaini unapoirudisha, na kati ya saini hizo mbili uhai wako uko juu yake. Binti yangu aliwahi kuniuliza napenda nini kwenye chuma cha kuulia watu. Nilimwambia nilikuwa na miaka ishirini, baiskeli sina, shamba sina, hata redio sina, na nchi ikaniletea kitu chenye namba ikaniambia weka jina lako hapa. Hakuridhika, na sikumlazimisha.

Basi, fundi akafanya kazi. Alitoboa urefu wa mtutu kutoka ndani akaingiza nondo ya milimita 16, sentimita sitini. Ukiuliza duka lolote la vifaa vya ujenzi watakuambia mita moja ya nondo hiyo ni zaidi kidogo ya kilo moja na nusu, kwa hiyo sentimita sitini zikatupa karibu kilo nzima. Bado haikutosha. Mimi nikafikiria mchanga, yeye akafikiria vizuri zaidi. Alikwenda kwa wavuvi wa Sahare akanunua chubwi kuukuu, yale madude ya risasi ya kuzamishia nyavu. Nikacheka mwenyewe: bunduki isiyopiga sasa ina risasi tumboni. Aliyeyusha yale machubwi kwenye kopo, akayamimina kwenye kalibu ya bati, yakapoa, ndipo akayapachika ndani ya magazini kwa gundi na kufunika kwa kibao. Hakuyamimina kwenye mti moja kwa moja, mti ungeungua. Kipande kingine kidogo kikaingia kwenye kitako ili pua isizidi. Vanishi akaikwangua yote kwa msasa, akapaka mafuta ya linsidi, mara tatu, kila mkono siku yake.

Mizani ya duka la nafaka, mara ya pili: kilo tatu na gramu mia nne. Ukiiweka juu ya kidole mbele ya magazini, inalala.

Kwa nyongeza hiyo alidai elfu thelathini. Nikalipa bila kupunguza, mke wangu asilijue hilo.

Nikiwa pale nasubiri mkono wa mwisho wa mafuta, fundi aliniuliza kama kweli hapa Tanga ndipo nyuki waliwashinda Waingereza. Vijana wameshika nyuki tu. Nyuki walikuwepo, ndiyo, na waliuma wa pande zote mbili, hawakuwa na cheo katika jeshi la mtu. Lakini Novemba 1914 Waingereza waliteremsha hapa watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, na Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, wengi wakiwa askari weusi wa huku kwetu, walioletwa kwa treni ya reli ya Usambara. Wengi wa askari hao walishika Mauser ya mwaka 1871, milimita 11, risasi moja unapiga unaweka nyingine, na baruti yake ilitoa moshi mzito mweupe: ukipiga tu, kila mtu anajua umelala wapi. Na hao ndio walioshinda. Waingereza walipopanda meli zao waliacha nyuma bunduki 455 za kisasa na risasi 600,000. Nikamwambia fundi hebu fikiria wewe ndiye askari yule, umetoka kwenye moshi wako, unaokota bunduki isiyo na moshi. Akatikisa kichwa, akasema, "Ile ya moshi waliipeleka wapi?" Huyu kijana ni wangu.

Nyumbani kulikuwa na vita vidogo. Mama watoto alisema kwenye sebule yake haikai. Tukapatana ikae kwenye kijia, juu ya mlango wa chumba, kwenye vibao viwili ambavyo fundi alivitoa bure. Siku ya tatu nikamkuta anaipangusa vumbi. Akasema anapangusa ukuta.

Kisha nikawaita wenzangu. Tulikuwa wanne, mmoja wetu yuko hospitali na mmoja tulimzika Novemba. Kwenye ua wa nyuma, chini ya mwembe, nikawapa zamu. Mguu sawa, bega silaha, heshima toa. Huwezi kuamini mgongo wa mtu wa miaka sabini unaweza kunyooka namna ile. Mmoja ambaye huwa namshika mkono kuvuka barabara ya soko aligeuka nyuma kama mlango ulioachiwa na upepo. Tulicheka, tukakohoa, tukanywa chai ya tangawizi na mihogo. Bega langu lilivimba kidogo jioni. Sikulipaka dawa.

Wa mwisho kupokea alikuwa yule mwenzangu wa Masaka. Aliyebeba 417 hadi Kampala.

Yeye si msemaji. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaipima, akaitikia kwa kichwa, nikajua uzito umekubaliwa. Akaiweka begani, shavu kwenye kitako, na hapo nikaona kidole chake cha kulia kinatafuta kitu. Kikaenda nyuma ya triga, kikarudi, kikaenda tena. Akaishusha, akaigeuza, akatazama.

"Usalama uko wapi?"

Kile kidude. Kile kilimi kidogo nyuma ya triga, unachokipandisha kwa kidole ili silaha isipige bila kukusudia. Sikukichora. Nilichora singe, nikachora vitundu vya mkanda, nikampimia fundi kitovu changu, nikazungumza saa nzima juu ya uzito, na usalama nikausahau. Mwenzangu aliiweka juu ya meza taratibu, mtutu ukiwa umeelekea mbali na watu, kama tulivyofundishwa. Akasema, "Silaha isiyo na usalama siishiki," akaenda kukaa kwenye kigoda upande wa pili wa mwembe, akageuzia uso kwenye uzio wa jirani. Tukamwacha. Alimaliza chai yake kulekule.

Ni kosa langu, nalikubali kwa maandishi. Lakini nilipompelekea fundi kesho yake, alisema ni kazi ya nusu saa, kipande cha mpingo na kijiti cha kuzungukia, "njoo Alhamisi". Huu ni mwezi wa pili wa Alhamisi. Ndiyo sababu ya nyota ya tano kubaki mfukoni mwangu.

Kwa anayetaka kumtafuta: ingia Ngamiani, uliza mashine ya kusaga iliyo jirani na seremala, usiulize seremala maana watakupeleka kwa wengine kumi. Kwa kitanda na mlango sina wasiwasi naye, mlango wangu wa nyuma aliutengeneza yeye, mvua mbili zimepita haujavimba. Kwa kitu cha ajabu kama changu, nenda na barua kwanza, chora kila kitu, na ulipe nusu tu. Mpigie asubuhi. Mchana simu inaita chini ya vumbi la mbao.

Nimeshampa kazi ya pili, ingawa mke wangu hajaisikia. Baba yangu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku kwetu. Alipigana Burma mwaka 1944 na wenzake wa Afrika Mashariki, kwenye lile bonde la Kabaw lililowaua watu kwa homa kabla ya risasi, na akavuka mto Chindwin. Aliporudi Muheza hakuleta kitu ila picha moja: amesimama wima, kofia imeinama upande, thrii-o-thrii, ile bunduki ya Waingereza, ubavuni. Hiyo nayo ilikuwa ya risasi kumi, ila ndefu kuliko yangu na nzito zaidi, na mpaka anakufa alikuwa akiiita SAR yetu bunduki ya wanawake. Mchoro sina. Fundi amesema nilete picha pamoja na kimo cha marehemu, atapima kutoka hapo. Safari hii nitamwambia mapema kwamba ya baba haikuwa na usalama nyuma ya triga, ulikuwa ubavuni, upande wa kushoto, karibu na kidole gumba.

Mwenzangu hupita kwangu kila Ijumaa akitoka msikitini. Haingii ndani. Anasimama mlangoni, anatupa jicho kwenye kijia, juu ya mlango wa chumba.

"Wameweka?"

"Bado."

Anaendelea na safari yake.